Nyongeza

Nimebeba mawe ya shaba miaka kumi na minane:
kilo moja, nusu, robo, gramu hamsini,
kila moja na shimo lake ndani ya sanduku la mninga
kama watoto wa bweni waliokwisha kuhesabiwa.
Kazi yangu ni kukagua mizani za watu.
Kibaigwa, Kongwa, Kondoa, Mpwapwa:
naingia sokoni, wauzaji wananyamaza,
nagonga muhuri au nafunga duka,
nalala gesti, naondoka.
Ungeniuliza Mpwapwa pakoje, ningekujibu:
mizani kumi na mbili, mbovu tatu.

Safari hii gari la ofisi lilikufa injini,
nikapanda treni ya reli ya zamani kwenda Kintinku.
Ilifika Kigwe ikasimama.
Saa moja. Mbili.
Fundi ameshatoka Dodoma, wakasema,
na wote tulijua maana ya "ameshatoka".

Abiria wakashuka kama watu waliofika.
Mmoja akatandika kanga kwenye kivuli cha behewa,
mtoto akakojoa kwenye mataruma, hakuna aliyemkemea.
Mimi nikabaki dirishani, sanduku magotini,
napiga hesabu ya posho.

"Mbukwa," ikasema sauti chini ya dirisha.
Sechelela (jina nililijua baadaye)
na ungo wa karanga, moto bado,
na kopo la nyanya la kupimia.
Jicho langu lilikwenda kwenye kopo
kabla halijaenda usoni pake.
Kitako kimebonyea kwa ndani.
Mama, nikamwambia, hiki ni kipimo cha wizi.
Nikatoa kitambulisho.

Hakutetemeka. Akaligeuza kopo, akalitazama
kama mtu anayetazama goti la mwanawe lililochubuka.
"Lilikanyagwa na mbuzi, mwaka ule wa njaa.
Ndiyo maana naongeza."
Akachota, akasawazisha kwa kiganja, akamimina kwenye gazeti,
kisha mkono wake ukarudi kwenye ungo
ukatoka umejaa, yeye akitazama kwingine,
ukamwaga juu.

Sina jiwe la mkono ule.

Haba na haba hujaza kibaba, tulikariri darasani;
mwalimu hakutuambia
kinachomwagika pembeni ni cha nani.

Nikashuka. Nikakalia sanduku la serikali
nikala karanga moja moja.
Chumvi yake ya mbuga ya Bahi, chungu kidogo mwishoni.
Nilizisugua viganjani, nikipuliza, na upepo wa Ugogo
ukazichukua zile ngozi nyekundu ukaenda nazo
upande ambao kengele za ng'ombe zilikuwa zinatokea,
kengele kwanza, ng'ombe baadaye, vumbi mwisho.
Tukaongea habari za kawaida.
Uwele umeota? Umeota, ndege wameula.
Na kijana? Yuko Gairo, anachoma mkaa,
au ameacha, maana hapigi simu.
Kisha akacheka kitu nilichosema.
Sikumbuki kilikuwa nini. Nakumbuka pengo la jino lake,
na kwamba nilitafuta kitu kingine cha kusema
ili nilione tena.

Miaka kumi na minane nimepita Kigwe kwa gari
vioo juu, kwa sababu ya vumbi.

Fundi alifika saa mbili usiku, tochi mdomoni.
Honi ikatuita. Nilimpa Sechelela elfu moja;
chenji hakuwa nayo,
akaniongezea tena.

Ndani ya behewa nikafungua daftari la ripoti.
Kituo: Kigwe.
Vipimo vilivyokaguliwa: kimoja.
Hali: kimebonyea.
Hatua iliyochukuliwa:
hapo kalamu ilikaa muda mrefu, treni ikitikisika,
karanga chache mfukoni bado zina joto,
nikaandika, kwa mwandiko wa kupinda,
nimekula.

Najua mkuu wangu atakavyolielewa neno hilo.
Na alielewe.